Uzi wa Enanga Usiotaka Kukauka

Jumamosi ile nilikuwa nimeweka cherehani yangu barazani kwa dada yangu Bernadetta, pale Igogo, nashona sketi za shule. Dada alikuwa anachambua maharage. Mumewe, shemeji yangu Rutashobya, alikuwa uani na uzi wake. Binti yao Adventina, wa miaka kumi, alikuwa anaruka kamba na kujihesabia kwa Kihaya kwa makusudi, maana mama yake alishamwambia ahesabu kwa Kiswahili kama anavyofundishwa shuleni. Ziwa lilikuwa limetulia. Ilikuwa Kwaresima ya mwaka sabini na tano, mwaka uliofuata ule ambao watu walihamishiwa vijijini, na mjini kwetu nyama ilikuwa ya kuota tu.

Huo uzi lazima niueleze. Sisi Wahaya tuna chombo kinaitwa enanga. Ni ubao mrefu uliochongwa katikati ukawa na kina kama sinia, mpigaji anaupakata magotini na kuimba sifa za watu. Ukizitazama nyuzi zake unadhani ni saba au nane, kumbe ni uzi mmoja tu, unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, toka ncha hii mpaka ncha ile. Wengine walishaanza kutumia nailoni. Shemeji hakutaka kusikia habari ya nailoni. Uzi wake ulikuwa utumbo wa ng'ombe: anauchukua ungali na joto, anaukwangua mafuta kwa mgongo wa kisu, anauosha ziwani, anauloweka kwenye maji ya majivu, anaupasua, anausokota, kisha anauvuta kati ya mpapai na nguzo ya jiko ukauke kivulini. Uani kulinuka kama machinjioni. Dada alivumilia kwa sababu alipenda mumewe anavyopiga, na kusema kweli wote tulipenda. Rutashobya alikuwa na vidole vya ajabu. Naye alijua, na ugonjwa wake ulikuwa huohuo: kusifiwa.

"Shemeji," nilimwita, "huo uzi wako utachuruzika mpaka lini?"

"Unyevunyevu wa ziwa huo."

"Mbona nguo tukifua asubuhi mchana zimekauka? Ziwa si ni hilihili?"

Kwa kawaida angenirudishia maneno, maana mimi na yeye tulitaniana mpaka majirani wakadhani tunagombana. Siku ile alinigeuzia mgongo. Nikainuka nikauone mwenyewe. Ulikuwa unang'aa, na maji yalijikusanya chini yake na kudondoka tone baada ya tone. Nikaugusa. Ulikuwa na joto, na si joto la jua, kwa sababu ulikuwa kivulini. Inzi walijaa kwenye nguzo, kwenye mpapai, kwenye ndoo. Juu ya uzi hakuwapo hata mmoja.

Utumbo ule ulitoka katika kijiji kipya karibu na Kigongo. Jina la kijiji sitalitaja, watu wake wapo na wana wajukuu. Wageni wa mkoa walikuwa waje kukizindua baada ya Pasaka, na mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Maige, alitaka sherehe ya kusimuliwa: ngoma za Kisukuma, kwaya ya watoto, na Mhaya mmoja wa enanga ili wageni waone kwamba pale hakuna ukabila. Shemeji akaitwa. Akasema chombo chake kimechakaa, anahitaji uzi mpya. Kijiji kikachinja ng'ombe, wanakamati wakala nyama, yeye akapewa utumbo na kipande cha paja. Hivyo ndivyo alivyotueleza.

Kile kipande cha paja kilifika Igogo Ijumaa ya wiki iliyotangulia. Ijumaa ya Kwaresima! Dada alikitazama kile kikapu, akameza mate, akapiga ishara ya msalaba. Mimi vilevile. Adventina alikuwa mtoto, mfungo haukumhusu, akapikiwa pande zuri akala peke yake, akalamba na sufuria, sisi wawili tukimwangalia kama paka. Tulichoficha kwa ajili ya Jumamosi tulikikuta kimeoza kimekuwa kijani. Tulikitupa huku machozi yakitulengalenga.

Jumapili, tumetoka kanisani, Maige akaja kuulizia enanga. Mtu mnene, mcheshi, suruali yake imepigwa pasi mpaka inakata. Alikunywa chai, akasifu chai, akasifu nyumba. Kisha akasema kama mtu anayekumbuka jambo dogo:

"Yule mzee amefariki."

"Mzee gani?" dada aliuliza.

"Mzee Luhaga. Mwenye yule ng'ombe mweusi."

Nilikuwa namtazama shemeji. Mtu akiambiwa habari ya kifo huuliza marehemu aliumwa nini. Yeye aliuliza, "Mmemzika na nini?"

"Blanketi," Maige alijibu, akaangalia pembeni.

Chai ikaishia hapo. Maige alipoondoka, dada alimkalia mumewe kooni mpaka akasema. Katika ukoo wa Luhaga, mzee akishaona mvi zake huchagua ng'ombe mmoja mweusi. Ng'ombe huyo halimi, hauzwi, hapigwi hata fimbo. Anakula majani na kumsubiri mwenyewe. Siku mzee akifa, ng'ombe anachinjwa na maiti inaviringishwa katika ngozi ile ingali mbichi. Nyama huliwa na wachimba kaburi peke yao, na utumbo huzikwa miguuni pa marehemu bila kuoshwa. Walipohamishwa, mifugo yote ilikusanywa katika zizi la kijiji, na mweusi yule akiwemo.

"Na wewe ulijua?" dada aliuliza.

"Mwenyekiti ndiye aliyechagua," shemeji alisema. "Mimi ni mgeni kule. Mgeni anapewa anachopewa."

Dada alikusanya vikombe vya chai. Alimwamini, au alitaka kumwamini. Mimi niliona aibu kumtazama shemeji usoni, na sikujua ni kwa nini.

Kuanzia siku zile Adventina aliacha kula. Hakulia, hakusema anaumwa. Ukimwekea chakula anasema, "Nimeshiba, mama mdogo," na kweli tumbo lilikuwa limejaa, gumu, linanguruma. Tukadhani ni minyoo. Tukampa dawa ya minyoo. Hakikutoka kitu.

Pasaka ikapita, uzi haujakauka. Shemeji akaufunga kwenye enanga hivyohivyo.

Ilikuwa alasiri, dada yuko sokoni. Nilikuwa barazani, mlango uko wazi, shemeji amekaa sebuleni na chombo magotini anakaza nyuzi. Adventina alikuwa amelala chumba cha ndani. Shemeji akagusa uzi kwa kidole kimoja.

Haikuwa sauti ya enanga. Ilikuwa nzito, ya chini, ya ng'ombe anayeitikia akiwa bondeni.

Pazia la chumbani likafunguka. Adventina alitoka akiwa amefumba macho. Tumbo lilikuwa limetangulia, miguu inaburuzika nyuma yake, mikono inaning'inia. Alikuwa anakuja kama mtu aliyefungwa kamba kitovuni na mwingine anaivuta. Akafika mbele ya baba yake. Akasimama.

"Baba," alinong'ona. "Unanivuta."

Shemeji aliondoa mkono. Mtoto akakaa chini pale pale.

Kisha, na hili ndilo lililonifanya nisiweze kukaa naye meza moja kwa muda mrefu, Rutashobya akagusa uzi tena. Alitaka kuhakikisha. Adventina aliruka kutoka sakafuni, tumbo kwanza, akapiga kelele ambayo sijaisikia tena kwa mtoto yeyote. Nilimchapa shemeji mkono kwa nguvu zangu zote. Enanga ikaanguka.

"Usimwambie dada yako," alisema. "Nakusihi, shemeji. Nitauchoma uzi. Leo hii nauchoma."

Nilimwambia dada kabla hajatua kikapu. Dada hakupiga kelele. Alimwita mumewe, akamwekea mkono wa mtoto mkononi, akasema, "Huyu ndiye mtoto pekee aliyenipa Mungu. Chagua." Shemeji akaapa kwa Bikira Maria kwamba amekwisha chagua.

Sherehe ilikuwa Alhamisi. Tulipoamka, Rutashobya hayupo. Enanga haipo. Mkeka wa kulalia wageni, aliouviringishia chombo chake, nao haupo. Dada alikaa kitandani akafunika uso kwa kanga. Alijua, na mimi nilijua, kwamba mbele ya wageni wa mkoa mtu yule hawezi kukosa. Tungemkimbilia wapi? Basi la Kigongo lilishaondoka.

Tukamketisha Adventina katikati yetu. Tukasali rozari. Jua likapanda. Nje mtaa ulikuwa wa kila siku, muuza samaki anapita, redio ya jirani inatoa taarifa ya habari, mtu anapasua kuni. Nikaanza kufikiri labda sisi ni wajinga tu wawili.

Saa sita mchana nikasikia mluzi.

Mmoja mrefu. Miwili mifupi. Ni mluzi wa mchungaji anayeita mnyama wake arudi. Haukutoka barabarani. Haukutoka uani. Ulikuwa ndani ya nyumba, juu kidogo ya vichwa vyetu.

Adventina akaweka mikono chini.

Akasimama kwa miguu minne. Akageuza kichwa upande wa mlango, upande wa Kigongo. Akalia. Si kilio cha mtu.

Tulimkamata, dada mabega, mimi kiuno. Mtoto yule mkondefu alituburuza wote wawili mpaka kizingitini. Gauni lake lilipanda, nikaona. Kitovu kilikuwa kimevutwa mbele, ngozi imechomoza kama kidole, na ilikuwa inacheza. Inavutwa. Inaachiwa. Inavutwa. Dada alikuwa anasema jina la mtoto, basi, jina tu.

Mluzi tena.

Halafu yote yakakatika. Adventina alianguka kifudifudi, na tulipomgeuza alikuwa anapumua, macho wazi, bila kutuona.

Shemeji alirudi jioni bila viatu. Enanga ilikuwa mgongoni mwake. Alipomwona mwanawe kitandani alikaa sakafuni, mbali naye, na tulilazimika kumsogelea ili tumsikie.

Alisema wakati wa mazishi ya Luhaga, mjane wake, bibi Kija, aliwauliza wanakamati mmoja mmoja kama walikula nyama ya mweusi. Wote waliapa kwamba hawakuila. Walisema nyama walipewa wageni. Siku ya sherehe wote walikaa mstari wa mbele, karibu na wakubwa, wamevaa vizuri. Rutashobya akapanda jukwaani. Akapiga mara ya kwanza. Maige akashika tumbo. Akapiga mara ya pili. Wengine wakashika matumbo. Kisha Maige, na ile suruali yake, akashuka kitini akaweka mikono chini mbele ya wageni wa mkoa, na nyuma yake mwingine, na mwingine, mpaka kamati nzima. Wakaanza kutambaa kwa mstari, wanalia, kuelekea mahame ya Luhaga, kule alikokuwa anaishi kabla ya kuhamishwa. Wanawake wao waliwaona. Watoto wao waliwaona. Hapakuwa na haja ya kumuuliza mtu tena kama alikula.

"Wageni walidhani ni mchezo wa kuigiza," shemeji alisema. "Walipiga makofi."

"Na wewe kwa nini hukuacha kupiga?" nilimuuliza.

"Vidole havikuacha. Na mimi pia tumbo lilikuwa linakwenda."

"Nani aliyekunyamazisha?"

"Bibi Kija. Alipanda jukwaani, akalaza kiganja juu ya nyuzi. Alinitazama tu."

Hapo ndipo nilipofahamu, kwa lile neno lake la tumbo, kwamba na yeye aliila ile nyama, na aliila Ijumaa ileile ya mfungo. Dada alifahamu pia. Aliinuka akaenda kukaa upande wa pili wa kitanda cha mtoto.

Kesho yake asubuhi tulikwenda, wote wanne, Adventina nimembeba mgongoni kwa kanga ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa. Bibi Kija alikuwa amerudi mahame, hakutaka tena nyumba ya kijijini. Nyumba yao ya zamani ilikuwa imeezuliwa, zimebaki kuta. Kaburi lilikuwa mahali palipokuwa zizi. Tulimkuta ameketi kando yake, mwanamke mdogo wa mwili, mgongo umenyooka.

"Shikamoo, bibi," tulisema.

"Malahaba." Alituitikia mimi na dada na mtoto. Shemeji hakumuitikia.

Dada alipiga magoti akamweleza. Bibi Kija alisikiliza, akaweka mkono juu ya tumbo la Adventina, akauondoa haraka.

"Mzee anasikia balidi," alisema. "Tumemlaza na blanketi, na yeye hakuzoea blanketi. Anamwita ng'ombe wake. Ng'ombe atakujaje? Ngozi imeuzwa. Nyama imo ndani yenu. Wale wakubwa wametapika jana hapa, wakasema makosa yao, wamekwenda. Huyu mtoto hana la kusema. Wa kusema ni mwingine."

"Nitamlipa ng'ombe," shemeji alisema. "Mweusi kama yule."

"Ulimlea wewe? Mzee alimkamulia mama yake, akamlisha kwa mkono." Kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama. "Funua enanga yako. Toa uzi. Na useme ulichofanya. Si kwangu. Kwake yeye kaburini, na kwa hawa."

Hawa walikuwa watu wa kijiji. Walishaanza kufika, wanawake wengi, wanaume wachache wenye nyuso za kuangalia chini. Maige alikuwa nyuma kabisa. Habari ya Mhaya na enanga yake ilikuwa imetutangulia.

Rutashobya alilegeza uzi. Ulikuwa mrefu, na ulikuwa bado unadondoka maji. Bibi Kija alitoboa shimo dogo juu ya kaburi kwa kijiti, akamwonyesha aingize ncha. Akaingiza.

"Sema."

"Tulikosea," shemeji alisema.

Ulikuwa udongo mkavu wa mahame, mgumu. Uzi ukaingia wenyewe kiasi cha kiganja. Mgongoni kwangu Adventina akajikunja akapiga kelele.

"Mlikosea nani?" Bibi Kija aliuliza.

"Mwenyekiti aliagiza ng'ombe achinjwe. Mimi sikujua mila za..."

Uzi ukavutwa tena. Mtoto alinishika shingo nikakosa pumzi. Nilihisi tumbo lake dhidi ya mgongo wangu, linachomoza, linarudi.

"Sema, shemeji!" nilipiga kelele. "Sema, atakufa!"

Alitazama watu wale. Nilimwona akiwatazama. Alikuwa mtu aliyezoea kutazamwa akishangiliwa, na midomo yake ilifunguka ikafungwa. Mtoto wake alikuwa anakufa mgongoni kwangu na yeye anawaonea watu haya. Nilimchukia.

Dada ndiye aliyekwenda. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamgeuzia kaburini, asione mtu.

"Mimi ndiye niliyemchagua," shemeji alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mwenyekiti alitaka kuchinja mwingine, mwenye kilema cha mguu. Nikasema ng'ombe aliyewahi kulima utumbo wake ni mgumu. Nikasema nataka yule mweusi. Nikamnyooshea kidole. Mzee akanifuata. Akaniambia yule ni nguo yake ya mwisho. Akapiga magoti, mzee yule, mbele ya vijana. Nikamwambia ng'ombe sasa ni wa kijiji, na yeye atavikwa sanda kama watu wa kisasa. Watu wakacheka. Nami nikafurahi walivyocheka."

Uzi ulianza kuingia ardhini, polepole. Hakuna aliyeushika. Unaingia, unatulia. Unaingia, unatulia. Kila ulipoingia, tumbo la Adventina lilishtuka kidogo mgongoni kwangu, lakini hakulia tena. Alilaza shavu begani. Ncha ya mwisho ilipita shimoni na kile kishimo kikajifunika.

"Mama mdogo," Adventina alisema, "nina njaa."

Dada alilia kwa sauti. Wanawake wa Kisukuma wakalia naye. Bibi Kija alimpa mtoto kiazi cha kuchoma kutoka kwenye pindo la nguo yake, na mtoto akakila chote na maganda yake.

Nilifikiri yamekwisha. Sote tulifikiri hivyo. Shemeji hakupiga tena enanga. Alipata kazi ya kibarua cha kupakia mizigo melini, akawa mtu wa kimya, anatoka asubuhi bila kusalimia na kurudi bila kusalimia. Dada aliendelea kumpikia. Adventina akakua, akanenepa, akawa mcheshi kuliko sisi sote. Akaolewa na kijana wa Mkolani, Chenge, na mwaka themanini na tano akapata mimba ya kwanza. Mtoto alikaa vibaya. Ikabidi apasuliwe.

Tulikuwa kwenye korido ya hospitali, mimi, dada, Chenge na shemeji. Muuguzi alitoka akatuambia ni mtoto wa kiume, mzima, na tukashangilia. Nyuma yake akatoka daktari. Hakuwa na uso wa mtu aliyeleta heri.

"Huyu mama alipasuliwa lini mara ya kwanza?"

"Hajawahi kupasuliwa," dada alisema.

"Juu ya ngozi hana kovu, nimeangalia. Lakini ndani ameshonwa. Kutoka hapa," akaonyesha chini ya kifua chake, "mpaka hapa kitovuni. Kazi nzuri sana. Na uzi si wa hospitali yoyote. Hata sisi tunazo nyuzi za utumbo wa mnyama, lakini zetu huyeyuka zenyewe mwilini. Huu haujayeyuka. Nilijaribu kuukata, mkasi haukukata, na mgonjwa akalia kama... akalia, ingawa alikuwa kwenye usingizi wa dawa. Nimeuacha."

Mimi nimeshona maisha yangu yote, na nilimuuliza swali la kishonaji, maana sikuweza kuuliza jingine.

"Fundo la mwisho limefungwa vipi, daktari?"

Alinitazama. "Hakuna fundo," alisema. "Ndilo lililonishangaza. Ncha imeachwa wazi, kama aliyekuwa anashona ameinuka kidogo na atarudi."

Tuliruhusiwa kuingia jioni. Adventina alikuwa amelala chali, rangi imemtoka, mtoto amefungwa nguo nyeupe kando yake. Alikuwa ameshaambiwa. Hakunitazama mimi, wala mama yake, wala mumewe. Alimtazama baba yake aliyesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Baba," alisema. "Siku ile kaburini. Ulisema yote?"

Rutashobya alifungua mdomo. Alitazama wagonjwa wa vitanda vingine waliokuwa wamegeuka kusikiliza, na ndugu zao, na muuguzi. Nilimwona akiwatazama.

Akavaa kofia yake, akatoka nje.